Vijiti Nilivyoamuru Ving'olewe

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniacha hai mpaka nikaliona kosa langu kwa macho yangu mwenyewe, wala hakunichukua siku zile nilipokuwa nalo huku nikijiona msafi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila anayefuata njia yake kwa wema.

Nimesomesha Kurani mjini Malindi tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na leo hazina hata unywele mmoja mweusi. Watu huniita Maalim. Hata mke wangu huniita hivyo. Katika niliyowafundisha watoto wa watu, mambo mawili nilikuwa nikiyarudia kila mwaka: kwamba ahadi ni amana, na kwamba mtu asimdhanie mwenziwe ubaya kabla hajauliza. Niliyasema vizuri, na nilipenda nilivyokuwa nikiyasema. Ninayoyaandika hapa ni habari ya nilivyoyavunja yote mawili, mchana kweupe, mbele ya watu, kwa sababu ya vijiti vilivyopandwa kati ya mahindi.

Marehemu baba yangu aliniachia konde upande wa Adu. Ardhi ya kule ni nyekundu, na mvua yake haiaminiki; huweza kunyesha siku tatu ukadhani neema imefika, kisha ikakatika mahindi yakiwa magotini. Mimi ni mtu wa mjini, wazee wetu walitoka visiwa vya kaskazini, na jembe nalijua kwa kuliona mikononi mwa wengine. Konde likageuka pori. Basi akaja jirani wa konde hilo, mama mmoja wa Kigiriama, mjane, Mkristo mcha Mungu, nyumba yake imepakana nalo kabisa. Alikuja na mzee wa kijiji kuniomba alime. Nikamkubalia palepale, nami nikampa sharti moja tu.

"Lima upendavyo," nikamwambia. "Mahindi, kunde, pojo, hata mihogo. Lakini usinipandie mti."

Akacheka. "Maalim, mti wa nini? Mimi nataka sima."

Mzee wa kijiji naye akacheka, na neno likaisha.

Asiye wa pwani huenda akaliona sharti hilo kuwa la uchoyo. Kwetu huku ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na huenda wakawa watu wawili. Yapo makonde ambayo udongo ni wa huyu na minazi ni ya yule, na wajukuu wao hadi leo hawasalimiani. Kwa hiyo anayeazima ardhi huambiwa alime vya msimu. Cha msimu huvunwa kikaondoka. Kinachokaa miaka kina neno, na neno hilo husemwa mwenye ardhi akishakufa.

Mama yule alilima misimu mingi, na nilikuwa nikisahau kama konde ni langu. Kila akivuna alituletea kikapu, mara kunde mbichi, mara mahindi ya kuchoma. Hatukupatana hivyo. Alifanya kwa hiari yake.

Sasa naifikia siku ambayo niliisahau kabisa, nami naiandika hapa mahali pake kwa kuwa baadaye nilikumbushwa. Ilikuwa Ijumaa. Mama yule alikuwa anatoka Vitengeni, alikoolewa dada yake, akapita kwetu Malindi njiani kurudi Adu. Alikuwa na mzigo wa vijiti, kila kimoja urefu wa mkono, amevifunga kwa gunia lililoloweshwa maji. Mimi nilikuwa uani nimeinama natia udhu, na wakati wa sala umekaribia.

Akasimama mlangoni, akaamkia, kisha akasema, "Maalim, kule kwa dada yangu wanapanda hivi kati ya mahindi. Vinachipua vikawa vichaka. Kabla ya mvua unavikata, majani unayalaza chini, ardhi inashika maji na inapata mbolea. Lakini vinakaa miaka. Ndiyo nikasema nikuulize kwanza."

Nikamjibu huku nikipitisha maji mkononi. "Haya, mama. Panda, panda. Nimechelewa."

Akashukuru, akaenda. Nami nikaenda kusali, na sikukumbuka tena kwamba kulikuwa na mtu mlangoni. Msomaji, tazama jambo hili. Mwanamke yule alilichukua sharti langu kwa uzito kuliko nilivyolichukua mwenyewe. Angeweza kupanda kimya, asiniulize. Alisimama na mzigo wake katika jua akaniuliza, na aliyepaswa kumsikiliza alikuwa na haraka ya kwenda kumcha Mungu.

Ikapita miaka miwili. Goti langu likawa baya, sikufika Adu. Siku moja nimeketi barazani na wenzangu baada ya alasiri, akaja binamu yangu, anayenunua mbuzi pande zile, akanipa mkono.

"Hongera, Maalim. Nasikia umegawa konde."

"Nimemgawia nani?"

"Uliza vijiti. Vimepangwa mstari kwa mstari kama askari. Mwenye konde yuko mjini anafundisha alifu, mwenye vijiti yuko Adu anapima."

Wenzangu wakaangua kicheko. Na mimi nilitabasamu, lakini kile kicheko kiliingia mahali pabaya. Sikuuliza vijiti gani. Sikuuliza vimepandwa lini, wala kwa nini. Nilifika nyumbani nikiwa nimeshajua yote: nimezeeka, nimeonekana dhaifu, na mjane yule ananingoja nife. Nilijenga kesi nzima njiani kati ya baraza na mlango wangu, na nilikuwa mshitaki, shahidi na kadhi.

Nikaenda Adu wiki ileile. Mvua ya masika ilikuwa haijaanza. Makonde yote yalikuwa makavu, vumbi na mabua, ila langu. Mistari ya vichaka vya kijani ilikwenda kutoka upande mmoja hadi wa pili, imenyooka, kila mmoja hatua kama sita kutoka kwa mwenzake, na katikati ardhi imeshalimwa ikingoja mbegu. Vilikuwa vimefika kifuani. Leo nikikumbuka naona kazi ya mikono ya mtu mwenye subira. Siku ile niliona mipaka.

Nikamwita mzee wa kijiji, nikamwita na binamu yangu, wakaja majirani wengine wanne watano waliosikia sauti. Tukasimama ukingoni mwa konde. Mama akaja kutoka jikoni kwake akifuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo, Maalim."

Sikumjibu marahaba. Katika mambo yote ya siku ile, hilo dogo linanirudia kuliko mengine.

Nikasema mbele ya watu, "Huyu nilimwambia asipande mti. Nyote tazameni."

Mzee wa kijiji akamgeukia. "Mama, ni kweli ulikatazwa?"

"Ni kweli, mzee. Lakini hivi nilimwomba Maalim ruhusa, akanipa. Ni vya mbolea tu hivi. Msimu huu ndio wa kwanza naanza kuvikata."

"Hukuniambia kitu," nikasema.

"Nilikuja kwako, Maalim. Ijumaa."

"Wallahi hukuniambia."

Niliapa. Sikuwa ninasema uongo kwa kujua, kwani sikukumbuka. Lakini mtu asiyekumbuka husema sikumbuki, na mimi nilitumia jina la Mungu kuziba tundu la kumbukumbu yangu. Mama akanitazama. Alikuwa na la kusema, niliona midomo yake. Kisha akatazama chini. Watu wote pale walijua mimi ni nani, wengine watoto wao wamesoma kwangu. Nani angesimama pamoja naye dhidi ya kiapo changu?

"Basi labda nilikosea mimi," akasema taratibu.

Mzee wa kijiji alijaribu kutengeneza. "Maalim, vikatwe tu viwe vifupi, huku mkizungumza?"

"Ving'olewe," nikasema. "Na mizizi."

Akaving'oa mwenyewe. Alifanya asubuhi mbili, yeye na shemeji yake, kwa jembe na panga, na mimi nikalala kwa binamu yangu ili nihakikishe. Mizizi ilikuwa imekwenda chini sana. Kila kisiki kilitoka na donge la udongo mweusi, wenye unyevu, katika ardhi ile ambayo kwingine kote ilikuwa vumbi. Niliona unyevu ule. Niliuona na sikujiuliza unatoka wapi. Majani aliyokuwa ayalaze kwenye matuta yakarundikwa kando, mbuzi wakayala. Nikarudi Malindi, nikasali rakaa mbili za shukrani kwa kuwa haki yangu imelindwa. Mungu anisamehe sala ile.

Mvua ikanyesha, akapanda mahindi na kunde kama wengine. Ikanyesha vizuri wiki mbili, ikakatika. Kule Adu mahindi yakajikunja majani, yakawa manjano, kisha rangi ya karatasi. Habari zikatufikia. Kikapu hakikuja, na mke wangu akasema, "Twende tukampe pole mama wa watu. Ametulisha miaka yote hii." Yeye alijua tu kwamba kulitokea maneno ya miti, nilimweleza kwa ufupi kuwa jirani alinipandia miti nikaamuru ing'olewe, naye akadhani ni minazi au mikorosho.

Tulipofika, mama hakuwepo. Shemeji yake akatuambia yuko msituni anachoma makaa, na wengine wengi wako huko huko. Akasema bila kunitazama, "Hajawahi kuchoma makaa maishani mwake. Amejiunguza mkono." Tukangoja nje.

Nyuma ya jiko palikuwa na kipande kidogo cha ardhi yake mwenyewe, hakizidi upana wa vyumba viwili. Mahindi ya pale yalikuwa yamesimama. Hayakuwa marefu, lakini yalikuwa ya kijani na yamebeba, na katikati yake mistari miwili ya vichaka vilivyokatwa kufikia goti, majani yake yamelazwa chini kama mkeka. Hatua ishirini kutoka pale, konde langu lilikuwa limeungua lote. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, na mkono uliopanda ni ule ule.

Mke wangu akainama, akashika kimoja. Yeye ana macho ya mtu wa jikoni, hasahau kitu alichokiona mara moja.

"Maalim, hiki si kile kijiti alichokuja nacho Ijumaa ile?"

"Ijumaa gani?"

"Wewe ulikuwa unatia udhu. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Akaja na gunia la maji, akakueleza weee, ukamwambia panda, panda." Akanitazama. "Si hivi ndivyo ulivyoving'oa?"

Nikakaa chini palepale, kwenye majani yale. Chini ya majani kulikuwa na ubaridi. Siku yote ilinirudia: gunia linalodondosha maji, kivuli cha mtu mlangoni, na sauti yangu mwenyewe yenye haraka.

Mama alirudi adhuhuri, amejaa majivu hadi nyweleni, mkono umefungwa kitambaa. Akatuamkia. Safari hii nilimjibu, kisha nikamwambia yote, nikamwomba anisamehe. Nilisema kwa adabu na kwa maneno mazuri, kama nilivyozoea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Maalim, nimesikia. Lakini yale mengine uliyasema mbele ya watu. Mimi kanisani wananiita mwizi wa konde. Wewe hapa uko na mimi na bibi yako."

Akaingia ndani kuosha mkono.

Nilielewa sawasawa anachosema. Nimekifundisha kwa miaka: dhambi iliyo kati yako na Mungu, toba yake ni kwa Mungu, haki ya mtu haiondoki mpaka irudishwe kwa mtu, na iliyochukuliwa hadharani hurudishwa hadharani. Mtoto wa miaka kumi wa madrasa yangu angenijibu hivyo. Hata hivyo nilikaa Malindi wiki nzima, kisha ya pili, kisha mwezi. Niliomba usiku na mchana, nilitoa sadaka, nilifunga siku za Jumatatu. Nilifanya kila ibada isipokuwa ile moja iliyotakiwa. Mke wangu hakunisema. Alinunua makaa, akayamimina uani, akasema tu, "Haya ya Adu," akaingia zake ndani.

Kesho yake nilipanda gari.

Mzee wa kijiji aliwaita wale wale, na wakaja wengi zaidi, kwa kuwa neno lilishaenea kuwa Maalim anarudi na kesi nyingine. Binamu yangu nilimwomba aje, akaja kwa shingo upande. Nikasimama ukingoni pale pale. Nikasema: mama huyu aliniomba ruhusa, nami nikampa, nikasahau, nikaapa kwamba hakuniomba. Kiapo changu kilikuwa batili, na nimekitolea kafara. Yeye hakuiba. Mimi ndiye niliyemdhulumu mavuno yake.

Kuku walipita katikati yetu. Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Leo Maalim amerudi darasa la kwanza," na watu wakacheka, na mimi nikaona kicheko hiki nilikistahili. Kile cha barazani ndicho nilichopaswa kukistahimili pia, nikashindwa, na mjane akalipa.

Nikamwambia mama mbele yao, "Panda tena. Vijiti ni vyako, ardhi ni yangu, na utalima uwezapo."

Akauliza, "Na ukifa, Maalim?"

Watu wakageuka kumtazama. Kwetu si adabu kumuuliza mzee hivyo. Lakini lilikuwa swali la haki, kwa kuwa sharti langu lote lilitokana na kifo changu: niliogopa atakachosema yeye nikifa, na sikuwahi kufikiri watakachosema wanangu kwake nikifa.

Nikarudi tena baada ya siku chache na mwanangu mkubwa, anayefanya kazi hotelini Kikambala. Hakupendezwa. Njia nzima aliniambia, "Baba, unajifunga." Nikamwambia nimeshafungwa, nataka anifungue. Tulipofika, mwanangu akasema mbele ya mzee wa kijiji kwamba vichaka vile havitakuwa hoja ya umiliki kwa mama wala hoja ya kumfukuza kwao wanangu, na mama ataendelea kulima maisha yake. Ikaandikwa kwenye karatasi, nasi sote tukatia vidole.

Vuli ilipokaribia, mama alikwenda Vitengeni kuchukua vijiti vingine. Nilikwenda Adu kupanda naye. Goti lilikataa kupinda, nikapanda nimekaa chini, nikijisogeza kwa makalio kutoka shimo hadi shimo, na shemeji yake alishindwa kujizuia kucheka.

"Maalim, hivyo utafika ukingoni mwakani."

"Nitafika tu, mwanangu."

"Kichwa chini hicho umekipanda. Geuza. Macho ya kijiti yatazame juu."

Nikageuza. Sikuwa najua kwamba kijiti kina juu na chini. Nilikuwa nimeviamuru ving'olewe mamia kwa mamia, na sikujua hata kupanda kimoja.

Tulipopumzika nilimwomba mama tena msamaha, kwa kifupi, bila ufasaha. Alikuwa anamimina maji juu ya gunia lenye vijiti vilivyobaki. Ule mkono ulishapona, ila umeacha alama.

"Ngoja vishike, Maalim," akasema.

Sikumuuliza ana maana gani. Vingine vilishika, vingine vilikauka na amevirudishia. Ilichukua asubuhi mbili kuving'oa. Kuvirudisha ni miaka miwili, akijaaliwa mvua. Mwaka huu vimefika magotini, na bado si vya kukatwa. Mahindi ya konde langu yamekuwa haba tena, na mama ameingia msituni tena kwa makaa, kwa ajili ya msimu ambao ungekuwa wake wa pili au wa tatu wa kuvuna lau ningeinua kichwa changu kutoka kwenye maji nikamsikiliza. Mke wangu na mimi tunapeleka unga na mchele. Anapokea, anashukuru, anatuuliza habari za goti. Neno lenyewe la kunisamehe bado hajalisema, na mimi sitaliomba mara ya tatu. Kila nikifika napita mstari kwa mstari nikitazama chipukizi, namshukuru Mungu kwa kila moja, na namwomba asinichukue kabla sijalisikia.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe sikio la kumsikia anayesimama mlangoni kwako, akukinge na kiapo cha haraka, na akuteremshie mvua kwa kadiri ya ardhi yako. Na ukininyooshea mikono katika dua, mtangulize mama yule kwanza, kisha mimi. Amina.